Majivu ya mbaazi

Jana jioni binti yangu alizoa majivu ya jikoni akayamwaga kwenye tuta la mchicha. "Naweka mbolea, baba." Nilitaka kumwambia neno nikashindwa. Harufu ya yale majivu ilikuwa imeshanirudisha Newala, uani kwa bibi.

Likizo ile nilikwenda na mzani mdogo na daftari. Chuoni tulikuwa tumetoka kupima miti ya nyika: unakausha kipande kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, unakisaga, unakichoma, unapima kinachotoka. Mninga, mtondo, hata kichaka cha mbaazi, karibu nusu ya uzito mkavu ni kaboni iliyovutwa kutoka hewani. Naitrojeni, chakula kinachokuza mimea, ni kidogo sana, mara nyingi haifiki hata 1 kwa 100. Ukichoma, karibu yote hurudi hewani. Majivu hubaki na chokaa na potasiamu. Hilo ndilo lililoniuma. Mbaazi hupata naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, ardhi yetu ni ya kichanga, halafu miti yake tunaitia motoni! Nilidhamiria kumwomba bibi aache.

Tulifika shambani jua halijawa kali. Mbaazi zilikuwa zimeshavunwa. Bibi akashika fungu la miti mikavu, akaligonga chini, akaligeuza, akagonga tena. Majani yakapukutika kwa mlio wa manyunyu juu ya makuti. Vumbi likapanda mpaka kwenye kanga yake, naye hakuharakisha. Vitawi vyembamba na maganda akavivunja kwa mkono, akavirusha chini ya mkorosho. Ndipo akafunga mzigo wa miti mitupu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, konzi ya majani iko kwenye mzani.

"Mume wangu, unapima takataka?"

"Napima chakula cha shamba, bibi."

"Basi kiache hapo hapo. Mie nabeba moto tu."

Majani ya mbaazi yana naitrojeni mara kadhaa kuliko mti wake. Mzigo aliojitwika kichwani ulikuwa hasa kaboni. Nilichotaka kumwomba, sehemu kubwa alikuwa ameshaifanya, na sikujua nianzie wapi kuzungumzia ile iliyobaki. Maana imebaki: mti nao una naitrojeni yake, na ule mchanga unahitaji hata hiyo kaboni. Lakini bila kuni zile angeteremka bondeni kukata miti iliyochukua miaka mingi kukua.

Jioni mbaazi za nazi zilichemka juu ya mafiga, bibi akipuliza moto. Nikafungua daftari kwenye safu niliyoiandika "Kilichopotea". Nilikaa nayo hadi chakula kikaiva. Sikujaza kitu.

Leo asubuhi nimeokota majani makavu, nimemwonyesha binti yangu namna ya kuyafukia kwenye tuta. Majivu yake sikuyaondoa.