Nilivyoutoa mtama mwitu kwenye mbegu yangu ya Macia

Msimu wa tatu wa kujiwekea mbegu ya Macia, aina fupi ya mtama, hapa Kongwa, Dodoma, shambani ilijaa mimea mirefu iliyowapita wenzake mbali, masuke yametawanyika, maganda ya punje meusi, ukiligusa suke punje zinapukutika chini. Nikashauriwa nichambue mbegu vizuri kwenye ungo kabla ya kupanda. Ushauri huo unapoteza watu mpaka leo. Punje iliyochavushwa na mtama mwitu inakomaa kwenye suke la mama yake, na ganda lake ni la mama. Kwenye ungo huwezi kuitofautisha. Inajifichua msimu unaofuata, ikishakuwa mmea.

Mtama wa shambani na mtama mwitu ni spishi moja, wote wana kromosomu 20, kwa hiyo chotara wao anazaa bila shida na kuendelea kuchanganya. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, ila mara nyingi punje 5 hadi 15 katika kila 100 hutokana na chavua ya nje.

Mwanzoni nilijaribu kupishanisha maua. Macia huchanua siku 60 hivi baada ya kuota, nami nikachelewesha kupanda wiki tatu ili mwitu wa kwenye mfereji umalize kwanza. Haukumaliza. Mtama mwitu hutoa machipukizi pembeni, na kila chipukizi lina suke lake na wakati wake wa kuchanua, kwa hiyo chavua haikukatika. Halafu mvua ikakata kabla Macia haijajaza punje, karibu nusu ya mavuno ikapotea. Kwa mvua za Dodoma, asikwambie mtu uchelewe kupanda.

Kilichoniokoa ni kupanda suke kwa mstari. Nilichagua masuke 60 katikati ya shamba, mbali na mfereji, kila moja nikalipukuchua peke yake na kulitia kwenye bahasha yenye namba. Msimu uliofuata kila suke lilipata mstari wake, sentimita 75 kati ya mistari, na kilichoota nje ya mstari niliking'oa bila kukiuliza, kwa sababu ni mbegu iliyopukutika zamani. Hapo ndipo utamu ulipo: Macia ni fupi, chotara ni mrefu, na urefu unaonekana siku chache kabla ya kuchanua. Mistari 11 ilitoa mimea mirefu. Niliing'oa mistari hiyo yote, hata mimea yake mifupi, maana suke la mama lilishaguswa. Ng'oa na mizizi. Ukikata kwa panga, kisiki kinachipua na kuchanua wakati huangalii.

Katika wiki hizo nilipita shambani kila jioni, kwa sababu maua ya mtama hufunguka usiku kuelekea alfajiri. Ukiukuta mrefu asubuhi unamwaga chavua, umechelewa.

Masuke bora 20 niliyavisha mifuko ya kaki, yote haikufika elfu kumi. Livishe suke mfuko mara linapotoka kwenye jani la mwisho. Maua huanzia juu kushuka, kwa hiyo kama ncha imeshachanua, ikate kwanza. Nailoni usitumie, inaozesha. Baada ya wiki mbili au tatu vua, la sivyo ukungu na vidukari vinamaliza punje, kisha linda ndege.

Mwitu wa mfereji naufyeka kabla haujatoa masuke, na shamba la mbegu nimelisogeza mita 200 kutoka kwa mtama wowote. Ule wa korongoni, mbali huko, siugusi wala sitaki mtu auchome. Baadhi ya mitama mwitu imeonekana kustahimili kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, na watafiti wa mbegu watauhitaji.

Msimu huu katika mistari 40 nimeona mrefu mmoja tu, mstari wa 17. Umeshang'olewa wote.