Mawese ya sumuni

Leo nimepika dagaa mara mbili. Mara ya kwanza nimefuata daftari la bibi neno kwa neno, mara ya pili nimepika kwa kichwa changu, na wale wa kwanza, sitaki kumsema marehemu vibaya, walikuwa hawaliki. Hata paka wa jirani ambaye huwa haombi ruhusa alikuja akanusa akakaa pembeni kama mgeni aliyeshiba.

Ngoja nianze mwanzo. Kwetu Ujiji, Kigoma, kuna daftari la mapishi. Sio kitabu cha dukani, ni daftari la shule la mistari, jalada lake liling'oka zamani likabandikwa karatasi ya khaki na kushonwa na uzi wa nyavu maana babu alikuwa mvuvi. Nyuma kuna jedwali la kuzidisha limebakia kuanzia mara sita, mara mbili mpaka mara tano zililiwa na panya. Ndani ni mapishi ya bibi mzaa mama, na kwenye ukoo wetu hilo daftari lina heshima kuliko hati ya nyumba, nasema kweli, hati ya nyumba hatujui iko wapi na hakuna aliyewahi kuitafuta, ila daftari kila mtu anajua liko kwa nani na tangu lini.

Liko kwa mama mdogo, anakaa mtaa wa Mwanga. Tangu bibi afariki 2009 analiweka kwenye sanduku la bati limefungwa kwa kanga, na kulipata ni kama kuomba mkopo. La nini? Utalirudisha lini? Mikono umenawa? Wiki hii kanipa mwenyewe kwa sababu amekwenda Kasulu kwenye arusi na kaona panya mmoja chumbani. Ndo hivyo tu, sio kwamba ananiamini, akasema kati yako na panya nimekuchagua wewe.

Historia yake kwa kifupi. Bibi aliliandika kwenye kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, halafu zikaja zile kampeni za redio, Mtu ni Afya 1973, Chakula ni Uhai 1975, watu wanakusanyika kwenye redio moja wanasikiliza, kisha wanajadiliana. Bibi alikwenda kote. Lakini kuna kitu kilimkera mpaka anaingia kaburini, kwamba aliandikishwa kama mtu asiyejua kusoma na kuandika, wakati alikuwa anaandika barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu yuko chuoni, yaani madrasa, na wanawake wa aina yake hapa Ujiji hawakuwa wachache. "Nilikwenda kufundishwa kusoma huku najua kusoma," alikuwa anasema, halafu anacheka ila macho hayacheki. Basi kurasa za mwanzo ni a e i o u, za mtu mzima aliyenuna, na ukigeuza kidogo unakuta ghafla limeandikwa DAGAA kwa herufi kubwa, kalamu imekandamizwa mpaka upande wa pili wa karatasi unaupapasa kwa kidole.

Naomba niunukuu ukurasa wenyewe, mzima:

"Dagaa wa shilingi. Mawese ya sumuni. Nyanya 2 kitunguu 1 chumvi. Kaanga. Weka. Funika. Epua."

Basi. Ndo pishi lote hilo, pishi ambalo ukoo mzima unasema hakuna aliyewahi kulipika kama yeye. Kaanga nini, weka nini, funika muda gani, sijui. Na sumuni, kwa watoto wa siku hizi, ni senti 50. Bibi alikuwa hapimi kwa kikombe wala kijiko, alikuwa anapima kwa hela, anachomtuma mtoto sokoni ndicho anachoandika.

Nikaingia kwenye grupu letu la WhatsApp nikauliza swali la kistaarabu tu, jamani dagaa wa shilingi moja miaka ile walikuwa wangapi? Sikujua nimerusha jiwe kwenye mzinga wa nyuki. Mjomba wa Katubuka anasema walikuwa wanajaa ungo. Shangazi akamjibu ungo gani, wewe shilingi ulikuwa unaipata wapi, hao ungo mzima ulikuwa unawaokota mwaloni bure. Mwingine akasema inategemea na mwezi, na hapo nadhani ndo kulikuwa na akili, maana dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala, dagaa wanaadimika na bei inapanda, kwa hiyo dagaa wa shilingi wa giza sio dagaa wa shilingi wa mbalamwezi. Mjomba hakujibu tena, ila asubuhi aliweka picha ya ungo. Ungo mtupu, bila maelezo.

Nikajaribu njia nyingine. Pishi la dagaa limeandikwa mara 3 kwenye daftari, na kila mara hela imepanda. Mwanzo mawese ya sumuni, katikati ya shilingi tano, karibu na mwisho ya shilingi ishirini, nyanya zimebaki 2 na kitunguu 1 muda wote huo. Nadhani alikuwa anarudia kuliandika sio kwa sababu pishi limebadilika, ni bei imebadilika na yeye kwake bei ndo kipimo, kwa hiyo daftari lilikuwa linakosea taratibu kila mwaka na yeye analirekebisha kama mtu anayeweka saa sawa. Angekuwa hai 2024 walipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane sijui angeandika nini. Mimi miezi ile mitatu nilinunua dagaa kwa vifungu kama viungo vya pilau.

Kurasa za miaka ya themanini ndo nazipenda kuliko zote. Kuna ukurasa umeandikwa juu MAANDAZI (SUKARI IKIPATIKANA). Unafuata ukurasa wa maandazi ya asali, halafu wa maandazi ya ndizi mbivu, hapo unajua kabisa kwamba sukari haikupatikana. Na kuna maelezo ya ule unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita yanga, kaandika: "Chekecha mara mbili changanya na wa muhogo watoto hawatajua." Chini yake, kwa kalamu nyingine, neno moja tu: "Wamejua."

Mama yangu alikuwa mmoja wa hao watoto. Nilipomsomea kwa simu alicheka mpaka akakohoa.

Sasa kuna kurasa kama nane mwishoni za herufi za Kiarabu, zinaanzia nyuma kuja mbele kama inavyotakiwa. Sisi wajukuu tumekua tunaamini ni dua. Dada yangu alikuwa hazigusi bila udhu, na kuna mwaka mtoto wake aliumwa degedege tukaliweka daftari chini ya mto, sio siri. Alhamisi nikasema wacha nijue, nikampelekea mwalimu wa madrasa hapa mtaani, mzee wa watu, akavaa miwani akaanza kusoma kimya kimya, mara nikaona mabega yanamcheza. Nikamuuliza kuna nini mwalimu?

"Binti yangu, hii sio dua. Hii ni sambusa."

Akanisomea yote, na wallahi imeandikwa vizuri kuliko mapishi yote ya herufi za kisomo, kuna kiasi cha unga, kuna jinsi ya kukunja, kuna onyo kwamba nyama ikiwa na maji manda zitafumuka. Huku bibi alikuwa anaongea, kule alikuwa anajibu mtihani. Ukurasa unaofuata ni wadeni, fulani kachukua vitumbua kumi na mbili hajalipa, fulani kalipa nusu. Majina mwalimu akagoma kunisomea, anasema wengine wana wajukuu humu humu mtaani, tuwasitiri. Kwa hiyo dada yangu miaka yote ile anatia udhu ili ashike sambusa na madeni. Bado sijamwambia, natafuta siku nzuri.

Haya turudi jikoni. Dagaa wa kwanza nimewapika hivi: nimenunua Kibirizi wale walioanikwa mchangani kwa sababu wa kwenye chanja wana bei, nikafika nikafanya kama daftari linavyosema, kaanga, weka, funika. Halijasema osha, sikuosha. Halijasema mawese yapate moto kwanza, sikuyangoja. Mtaniuliza kwa nini na mtu mzima unajua kupika, na mimi sina jibu zuri, nilitaka tu mara moja maishani nimtii bibi bila kuongeza la kwangu. Matokeo yake mchanga unalia kwenye meno na mawese yana ile harufu mbichi inayokaa kooni mpaka jioni.

Tena kuna kingine. Ule ukurasa wa dagaa umemwagikiwa mawese miaka mingi, karatasi imekuwa kama kioo cha rangi ya chungwa, ukiinua kwenye mwanga unasoma pande zote mbili kwa pamoja, huku dagaa, kule nyuma sombe kwa herufi za kinyume. Na sombe imeandikwa "usifunike", ambayo ni kweli kabisa, kisamvu unakitwanga na kukichemsha muda mrefu bila kifuniko ili sumu ya muhogo itoke na mvuke, bibi hakuandika sababu, kaandika amri tu. Sasa hiyo "usifunike" imeangukia palepale penye "funika" ya dagaa. Nilikaa na kifuniko mkononi kama mjinga, nafunika nafunua, nafunika nafunua.

Wa pili nikafanya kama mikono inavyojua. Nimewachambua, nimewaosha maji ya uvuguvugu mara nne mpaka chini ya beseni pakawa hapana mchanga, nikawakausha kwenye sufuria kavu mpaka wakaanza kulia kama majani makavu. Mawese peke yake motoni mpaka ile harufu ya ubichi iondoke, lakini usiyasahau huko, ukiyaunguza yanapoteza rangi yanakuwa meupe na hapo sijui unakula nini. Kitunguu, dagaa, nyanya, ndimu na pilipili nzima isiyopasuliwa. Ugali wa muhogo pembeni. Nimekula peke yangu na nimemaliza sufuria.

Na nikiwa nalamba vidole ndo nikajua haya yote ninayoyafanya nimeyaona kwake. Nilikuwa nakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, yeye anachambua dagaa mimi nawatupia kuku vichwa. Kuosha hakuandika kwa sababu nani aliyezaliwa Ujiji anahitaji kuandikiwa aoshe dagaa? Aliyoandika ni yale aliyokuwa anaogopa kuyasahau, yaani hela ya kumpa mtoto anayetumwa.

Halafu usiku huu huu, saa tatu hivi, binti yangu aliyeko chuo Dodoma kanitumia ujumbe. Wamepanga chumba, wana jiko la gesi la mtungi mdogo, yeye na mwenzie wametumiwa dagaa na watu wa nyumbani na mwenzie ni wa Singida hajui kuwapika, mama naomba nielekeze. Nikafurahi, nikakaa vizuri kitandani nikaandika kwa makini, maana nimejifunza leo. Osha mara nne, nimeandika. Mawese yapate moto kwanza, nimeandika. Usipasue pilipili. Ujumbe mrefu kweli, nikausoma mara mbili kabla ya kutuma.

Kajibu baada ya dakika moja.

"Asante mama. Sasa hapa umesema mawese ya mia tano, ya mia tano ndo kiasi gani?"