Saa nne kwenye usukani, bastola kiunoni
Jana niliendesha gari saa nne mfululizo nikiwa na bastola kiunoni, na kwa mara ya kwanza nimeshuka bila nyonga kuniuma. Miaka yote (kibali ninacho, msianze) naivaa mbele, chini ya kitovu. Ukisimama, raha mustarehe. Ukikaa tu, mtutu unakuchoma kinena na mpini unakuchimba tumbo, hasa sisi wenye vitambi.

Nilidhani tatizo ni ukubwa wa bastola. Kumbe mkanda! Wangu wa kawaida ulikuwa unalegea, nami naukaza hadi pumzi zinakata. Nimenunua mgumu, wa kubebea uzito, nikapandisha ala (mfuko wa bastola) juu kidogo ili mtutu usigonge paja. Nikikaa, nalegeza tundu moja.

Nyuma ya nyonga nilishajaribu. Kiti kilinisukumia chuma mgongoni.

Jambo moja silifanyi tena: kuchomoa bastola peke yake nikiwa nimekaa, eti nipumue. Ikinibana nasimamisha gari, naitoa pamoja na ala yake, triga ikiwa imefunikwa.

Yale makochi ya kuzama ndiyo bado yananishinda. Nakaa ukingoni kama mtu anayetaka kuaga.