Kiroboto wa Babu

Kisheria sikuwa na changu. Babu kaacha watoto watatu wa kiume walio hai, na mbele yao mjukuu hana fungu. Shehe alilisema hilo wazi siku ya kugawa mirathi, pale nyumbani Isevya. Mimi nilikuwa uani na mashangazi, nakwangua ukoko wa pilau, nikaitwa barazani. Kumbe Babu aliusia. Wasia unafaa kwa asiye mrithi, mradi usivuke thuluthi ya mali. Baba mkubwa akanikabidhi mfuko wa salfeti. "Gitaa lako hilo. Thuluthi hata haijatikisika."

Bibi alikuwa ndani, kwenye eda, lakini masikio yake yalikuwa barazani. "Mashamba kwa wanawe," akapaza sauti, "mapenzi kwa mke mwenzangu!" Mke mwenzake ni mimi, tangu siku niliyozaliwa.

Nyumbani tulikiita gitaa dogo. Ni ukulele: nyuzi nne, urefu wa mkono wangu tu. Seremala wa jirani aliugonga, akaunusa, akasema si mninga wala si mkangazi, akaishia hapo. Karatasi iliyobandikwa ndani ya tundu imeliwa na mende. Ubavuni kuna ufa mwembamba kama unywele. Kiangazi cha Tabora kinachopasua visigino vya watu kitauacha ubao mwembamba hivi? Nyuma ya ufa huo Babu alibandika kipande cha kaniki kwa gundi, kikashika.

Nyuzi zote nne zilikuwa mishipi ya kuvulia samaki. Hilo halikunishangaza. Babu alikuwa gadi wa treni ya Kigoma tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kutoka huko alirudi na migebuka, mawese, chumvi ya Uvinza, na mshipi wa nailoni.

Alikipataje? Baba mdogo anashikilia kuwa alipewa na karani mmoja wa stesheni, Mgoa, aliyekuwa anahama. Bibi anasema alikinunua Kigoma kwa baharia wa Liemba, tena kwa hela ya kanga zake. Moyo wangu uko kwa yule Mgoa, ingawa hasira ya Bibi ina ushahidi zaidi. Goa ilitawaliwa na Wareno hadi 1961, na ukulele, ambao watu huuhesabu kuwa wa Hawaii moja kwa moja, ulizaliwa na vigitaa vya Wareno. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, na hao ndio walioanza kuvitengeneza huko. Wenyeji wakakiita kiroboto anayeruka: uku ni kiroboto, lele ni kuruka. Nilipomwambia Bibi alisema jina limepata mwenyewe, maana kilimnyima usingizi miaka yote hiyo.

Sasa kosa langu. Nilikipeleka chumbani kwangu Kanyenye, nikawasha simu, nikafuata video: sol, do, mi, la. Kwenye ukulele uzi wa nne, ule wa upande wa kidole gumba, kwa kawaida hupanda juu kuliko wa tatu, hauendi chini kama wa gitaa. Wa Babu ulikuwa mshipi mnene kuliko yote. Hapo ningepaswa kusimama nijiulize kwa nini. Nikakaza, nikakaza, ukakatika na kunichapa kidole. Na ile mitatu nilikuwa nimeshaizungusha.

Ndipo nikaelewa. Uzi mnene ni wa sauti ya chini. Babu alikityuni kama gitaa, pengine ili afuatishe Tabora Jazz na Kiko Kids kwenye redio, na mimi nilikuwa nimefuta kitu cha mwisho ambacho vidole vyake viliweka. Najifariji kwamba vigingi vyake havina meno, vinashikwa na msuguano tu, na mwaka mzima wa ugonjwa wake huenda vililegea vyenyewe. Najifariji, lakini wapi.

Nikasubiri eda iishe, miezi minne na siku kumi. Binamu yangu akaniletea mshipi mnene kutoka mwalo wa Kibirizi. Jioni moja nikaketi mkekani miguuni pa Bibi, mwanamke asiyejua do wala mi.

"Huo unalia kama paka. Shusha."

Nikashusha.

"Hapo. Usiuguse tena."

Uzi wa pili haukuchukua muda. Wa tatu ulitugombanisha. Alisema napiga kwa kucha, Babu alipiga kwa nyama ya kidole, nami nilipobadilisha mkono, kweli, ukakaa. Wa nne ukamshinda. Alifumba macho, akatikisa kichwa, mara juu, mara chini, mpaka magharibi ikaadhiniwa akainuka kutawadha. Nikaanza kukirudisha kwenye salfeti.

"We mke mwenza!" Alikuwa uani, naisikia birika ikimimina. "Huo mnene alikuwa anaulegeza mpaka unagonga mbao. Mimi nikimwambia kibovu, yeye anacheka."

Nikakitoa tena.