Daftari la penalti

Mwaka juzi tulitolewa nusu fainali ya ndondo, mashindano ya soka ya mtaani, kwa mikwaju ya penalti. Wapigaji watano niliwachagua mimi kocha, kwa kuwatazama usoni tu: aliyeonekana jasiri nikampa. Watatu wakakosa. Hakuna kijana aliyenilaumu kwa mdomo, na hilo ndilo lililoniuma.

Msimu uliofuata nikanunua daftari la kaunta. Kila Jumanne na Alhamisi, mazoezi yakiisha na watu wakiwa hoi, kila mchezaji alipiga penalti mbili. Lazima ziwe za mwisho, maana mguu wa saa kumi jioni, ukiwa bado na nguvu, si mguu wa dakika ya 90. Tena mpigaji atoke duara la kati peke yake, wenzake wakimwangalia. Niliandika jina, upande aliopiga na matokeo: goli, kipa kadaka, nje.

Baada ya wiki 10 daftari likasema jambo ambalo nililikataa kwa siku kadhaa. Nahodha wetu, kipenzi cha mashabiki, alikuwa amefunga 23 kati ya 40. Beki wa kushoto, kijana mkimya ambaye hakuna aliyemfikiria, alifunga 35. Waliopishana mabao mawili matatu niliwapanga kwa jicho langu, kwa sababu mikwaju 40 ni michache na tofauti ndogo yaweza kuwa bahati. Lakini mabao 12?

Nilimkumbuka Ronwen Williams, kipa wa Afrika Kusini, aliyedaka penalti nne za Cape Verde kwenye robo fainali ya AFCON, Februari 2024. Wengi waliona muujiza. Mwenyewe alimshukuru mchambuzi wa timu aliyemwandalia taarifa za wapigaji.

Sikutaka nahodha ayasikie haya uwanjani mbele za watu. Jioni ya kuamkia nusu fainali nikamwita nyumbani, nikamfungulia daftari. Akaufuata mstari wake kwa kidole, akafika mwisho, akarudi kuhesabu upya.

"Mwalimu, hii Alhamisi mvua ilikuwa inanyesha."

"Ilitunyeshea wote, mdogo wangu."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo sipigi kabisa?"

"Wewe wa sita."

Kesho yake mechi ikaisha 1-1. Mashabiki wakaanza kuimba jina la nahodha, na moyo wangu ukawa upande wao kabisa. Nikatoa karatasi mfukoni, nikasoma majina kama yalivyoandikwa, bila kuinua macho. Beki akatangulia: chini kulia, wavuni. Wa tatu, ambaye daftarini alikuwa na 33, akagonga mtambaa panya, mwamba wa juu wa goli, na kelele nilizopigiwa kutoka nyuma ya benchi sitazisahau. Sikubadilisha jina hata moja. Tukapita kwa 4-3, mkwaju wa sita haukuhitajika.

Jumanne iliyofuata, wenzake walipokwishavua viatu, nahodha alibaki. Akaweka mpira kwenye alama, akaniuliza kama kalamu ninayo.