Sigara ya Baada ya Adhana ya Magharibi

Mvutaji wa sigara anayefunga Ramadhani hulifanya, siku baada ya siku, jambo ambalo miezi 11 iliyobaki huapa kwamba haliwezi. Tangu alfajiri mpaka magharibi, muda ambao hapa pwani haupungui saa 13, hagusi sigara, kwa kuwa moshi hubatilisha saumu; na bado huenda kazini, hufungua duka, huendesha tuktuk katika jua la Mombasa. Kichwa humgonga, na hasira zake za alasiri sote tunazijua, lakini siku hupita.

Mwilini mwake huwa yanatendeka makubwa. Nikotini hupungua damuni kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, na kaboni monoksidi, gesi ya moshi inayoinyang'anya oksijeni nafasi yake katika damu, hurudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya saa 12 tangu sigara ya mwisho. Kwa hiyo muadhini anapoadhini magharibi, damu ya mfungaji huyu imekwisha kusafika. Kisha hufungulia tende na funda la maji, na kabla uji haujapoa yuko kibandani, ameinamia kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa uzi dirishani, anawasha sigara aliyouziwa moja. (Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza pungufu ya pakiti ya sigara 10, lakini ni nani asiyekijua kibanda cha moja moja?)

Ninawasihi ndugu zangu wavutaji mwezi huu wapigane na usiku, kwa sababu mchana wameshaushinda. Arosto ya nikotini, yaani mateso ya mwili uliozoea kuipata ukiikosa, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea taratibu kwa wiki 2 hadi 4, muda ambao Ramadhani moja inautosha. Anayevuta baada ya futari na tena baada ya daku huirudisha arosto mwanzo kila siku, akabaki na mateso bila faida. Hamu yenyewe ikija haidumu; ni ya dakika chache, na dakika hizo zinaweza kupita kwa kupiga mswaki, kwa kutoka mapema kwenda tarawehe, au kwa kukihama kwa muda kijiwe cha kahawa ambako kila mkono una sigara. Kuikimbilia shisha au kuberi, tumbaku ya kuweka mdomoni, si kuacha, kwani tumbaku ni ile ile. Anayezidiwa amuulize daktari kuhusu vibandiko na chingamu za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009.

Wazee wetu husema wamekwisha kuchelewa. Utafiti wa Richard Doll na wenzake, waliowafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50 na kutoa matokeo mwaka 2004, ulionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia wastani wa miaka 3 zaidi ya kuishi, na aliyeacha akiwa na 40 alijipatia 9.

Siku ninayoihofia zaidi ni Idi, kwa maana marafiki hukaribishana sigara kama wanavyokaribishana haluwa. Atakayeteleza siku hiyo asingoje Ramadhani nyingine. Sita za Shawwal, saumu za sunna za mwezi unaofuata Ramadhani, zinaanza kesho yake.