Usiku wa fataki, mimi na Sajenti bafuni

Mbwa alikuwa wa mke wangu. Hilo naliweka wazi mapema, kwa sababu ndugu zangu Arusha hadi leo wanaamini mimi ndiye niliyeng'ang'ania kupanda naye ndege. Mke wangu alimpata kwa jirani yetu mtaa wa Njiro, Arusha, kitoto cha mbwa wa kienyeji chenye rangi ya vumbi, tumbo limejaa minyoo. Akamlea kwa uji wa maziwa. Alipokua akawa na tabia ya kuzunguka uzio kila jioni, kona hadi kona, kisha anakuja kukaa getini kifua mbele. Ndipo akaitwa Sajenti. Usiku alilinda pamoja na mlinzi wetu, mzee wa Kimaasai, wakigawana ugali na dagaa. Kuna mwizi aliyewahi kuruka ukuta akaondoka na suruali ya mguu mmoja. Ule mguu wa pili mzee aliutundika kwenye seng'enge, ukakaa hapo hadi ukapauka kwa jua.

Mke wangu alipopata kazi ya uuguzi Berlin, mimi nilisema mbwa abaki kwa mama mkwe. Akanitazama. "Sajenti asipokwenda, na wewe unakwenda kufanya nini?"

Basi tukaanza kuhangaika na karatasi. Kumwingiza mbwa Umoja wa Ulaya kutoka Tanzania si suala la kununua tiketi. Awekwe chipu chini ya ngozi, yenye namba za tarakimu 15. Achanjwe kichaa cha mbwa. Zikipita siku 30 atolewe damu, ipelekwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Ulaya, waone kama kinga imefika angalau uniti 0.5 kwa mililita. Ikifika, anasubiri tena miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Mke wangu akatangulia, nikabaki mimi na mbwa. Na mimi nilikuwa na mtihani wangu, wa Kijerumani ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, maana wakati huo bila hiyo mume kama mimi hakupewa viza ya kumfuata mkewe. Tukawa viumbe wawili tunaosubiri majibu nyumba moja. Yake yalitoka kwanza, na alifaulu vizuri kuliko mimi.

Tulifika Mei 2022. Mke wangu alikuwa amepanga Neukölln, wilaya ya Berlin, ghorofa ya nne, kwenye jengo la zamani lisilo na lifti. Pale mbwa ni mtu wa serikali: analipiwa kodi, euro 120 kwa mwaka, anapewa kibati cha kuvaa shingoni, na sheria ya Berlin inataka awe na bima akija kumuuma mtu. Mimi nilikuwa sijapata hata daktari wa meno, Sajenti ana kibati, bima na pasipoti ya bluu.

Kazi yake ndiyo iliyokosekana. Wiki za mwanzo alilibwekea kila sanduku lililopandishwa ngazi, kila mjumbe wa vifurushi, kila mlango uliofungwa ghorofa ya pili. Kwa hesabu yake alikuwa anatimiza wajibu. Kwa hesabu ya mwenye nyumba, barua ilikuja: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu. Tukamfundisha kunyamaza, kwa vipande vya soseji. Mimi ndiye niliyefanya kazi hiyo, kwa kuwa nilikuwa nyumbani. Asubuhi darasa la lugha, mchana mimi na yeye. Nilikuwa dereva wa watalii, nimezoea kuamka gizani kuwapeleka watu Ngorongoro. Sasa safari yangu ndefu ilikuwa Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege wa zamani uliofungwa 2008 na kufunguliwa 2010 kuwa mahali pa watu kupumzika. Njia za kurukia ndege bado zipo. Tulizitembea kutoka mwanzo hadi mwisho, upepo unatupiga masikio, tunapitwa na watu wa baiskeli na vijana wanaoburutwa na tiara. Pembeni kuna eneo lililozungushiwa uzio ambako mbwa wanaachiwa kamba. Huko ndiko nilikojifunza Kijerumani cha kweli, maana mtu ambaye hakusalimu kwenye ngazi miezi mitatu, ukiwa na mbwa atakueleza habari za tumbo la mbwa wake mpaka ukome.

Chakula cha gunia alikikataa. Nikawa napika ugali wa unga wa mahindi wa duka la Waturuki, Karl-Marx-Straße, nachanganya na vichwa vya samaki. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliona picha ya sufuria, akaanza kuniita Baba Sajenti. Likashika. Mama mkwe hakucheka. "Sisi tunangoja mjukuu," alimwambia binti yake, "ninyi mnatutumia picha za mbwa."

Sasa Desemba. Nilikuwa nimesikia kwamba Wajerumani wanapenda fataki mwaka mpya, nikadhani ni zile za dakika kumi, watu wanapiga makofi wanarudi ndani. Fataki huuzwa madukani siku tatu tu za mwisho wa mwaka, na miaka miwili iliyotangulia uuzaji ulipigwa marufuku kwa sababu ya korona. Kwa hiyo ile Desemba ya 2022 watu walikuwa na kiu. Alhamisi ya tarehe 29 nilipita supamaketi asubuhi nikakuta foleni, watu wazima na matoroli wamepakia maboksi mpaka kidevuni. Mchana huo huo mtaa ukaanza kulia. Sajenti alisikia mlipuko wa kwanza tukiwa tunatoka Feld. Alilala chini barabarani, tumbo kwenye lami, akagoma kuinuka.

Jumamosi ya tarehe 31 kulikuwa na joto la ajabu, siku ambayo Ujerumani ilivunja rekodi zake za joto la mwisho wa mwaka. Watu walikuwa nje kwa fulana. Mke wangu alipangiwa zamu ya usiku, idara ya dharura. Aliondoka saa mbili jioni, akasimama mlangoni na viatu mkononi. "Mtaweza?" Nikamwambia huyu ni mbwa, si mtoto mchanga. Hakujibu. Akashuka ngazi.

Nilichagua bafu kwa sababu halina dirisha. Nikatandika godoro la wageni, nikaweka redio, nikawasha mashine ya kufulia ili ngurumo yake ifunike ya nje. Ndani nilitia taulo zile zile, zikifuliwa, zikikamuliwa, zikifuliwa tena. Siku nyingine hiyo ingekuwa barua ya pili kutoka kwa mwenye nyumba. Sajenti alijibana kati ya mashine na ukuta, akaegemeza ubavu kwenye bati linalotetemeka. Kwa hiyo yote mawili yakawa yanatetemeka na mimi sijui lipi linaanza. Mate yalimdondoka sakafuni mpaka yakafanya kidimbwi. Hakubweka hata mara moja, na ndicho kilichonitisha. Yule mwenye mguu wa suruali kwenye seng'enge!

Mlango ukagongwa. Bibi wa ghorofa ya tatu, mwembamba, nywele nyeupe fupi, amebeba kiglasi cha kinywaji kizito cha njano. Ni pombe ya mayai. Akanieleza taratibu, kama anavyoongea nami siku zote, kwamba kijiko kimoja kikampitia Sajenti kooni atalala, mbwa wake wote aliowahi kufuga walilala hivyo. Yeye mwenyewe, akasema, huvua mashine zake za masikio saa tatu, na mwaka unaanza bila yeye kujua. Nilishukuru kwa adabu zote nilizokuwa nazo kwa Kijerumani. Daktari wa mifugo alikwisha kutuonya juu ya pombe, basi kiglasi kikakaa ukingoni mwa sinki.

Saa nne na dakika chache simu ikaita kwa video. Arusha walikuwa wameshaingia 2023. Wametutangulia saa mbili. Walikuwa nje ya kanisa baada ya mkesha, vitenge, watoto wanakimbia, honi za bodaboda nyuma. Shemeji ndiye aliyeshika simu.

"Heri ya mwaka mpya, shemeji! Mbona giza? Uko wapi?"

"Bafuni."

"Unaoga saa hizi?"

Nikageuza kamera bila kufikiri, nikamwonyesha Sajenti. Kimya kidogo, kisha wakalipuka kwa kicheko, mmoja anamwita mwingine aje aone. "Baba Sajenti amelala chooni na mbwa! Njooni!" Simu ikapita mikono mingi. Niliona meno, kofia, paji la uso la mtu nisiyemjua. Mwisho ikamfikia mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama. Zamu ya usiku."

"Mwaka mpya unaingia, mwanangu yuko kazini, na wewe uko chooni na mbwa."

Alisema bila ukali, kama anayesoma orodha ya vitu sokoni ahakikishe hajasahau kitu. Sikuwa na la kuongeza. Yote yalikuwa kweli. Nikasema ndiyo, mama. Akatutakia baraka, mtandao ukakata. Nikakichukua kile kiglasi cha njano, nikakinywa chote. Ni kitamu, kwa kweli. Kama kastadi iliyokosa malezi.

Ya saa sita sitaweza kuieleza vizuri. Jengo zima lilitikisika. Vioo vya kabati la dawa vilikuwa vikigongana, harufu ya baruti ikapenya chini ya mlango. Siku zilizofuata magazeti yaliandika Neukölln kila ukurasa: vijana walivyowarushia fataki zimamoto na polisi, basi lililoteketezwa barabara ya Sonnenallee. Mimi sikuona chochote. Nilikuwa nimejilaza ubavu kwenye vigae, mkono umepita nyuma ya mashine, vidole vimeshika sikio la Sajenti, lile lenye pengo aliloumwa na mbwa wa mtaa wa pili Njiro. Nilikuwa namwambia upuuzi. Namtajia vituo vya njia ya Karatu, kimoja baada ya kingine, kama nilivyokuwa nikiwatajia wageni: Kisongo, Makuyuni, Mto wa Mbu, pale tunasimama kununua ndizi nyekundu. Sauti ilikuwa ya kazini. Sikuwa nimeitumia tangu nifike.

Kama saa nane mke wangu alipiga. Alinong'ona, nadhani alikuwa stoo.

"Yupo?"

"Yupo."

"Mwekee simu sikioni."

Nikaweka. Aliongea naye Kimeru, maneno ambayo mimi nayasikia nusu. Sajenti aliinua kichwa, akaitazama simu, akanitazama mimi, akakilaza tena. Nikaichukua. Akaniambia wameshapokea mikono mingi, mmoja wa kijana wa miaka kumi na sita, hakumalizia. Kisha: "Na wewe je?"

"Nimekunywa pombe ya mbwa."

Alicheka kicheko cha kuzuia, kile cha puani, nikasikia mtu anamwita kwa jina la ukoo, akakata.

Mashine niliizima karibu saa kumi na moja. Nje palikuwa pametulia, mlipuko mmoja mmoja wa mbali. Tatizo sasa lilikuwa kibofu. Sajenti hakuwa ametoka tangu mchana wa jana, na kila nilipomvutia mlangoni alikaza miguu ya mbele. Nikambeba. Kilo 26, ghorofa nne, ngazi za mbao zilizopinda katikati, pua yake kwenye shingo yangu. Nilipumzika kila ghorofa. Pale ya tatu, mlango wa bibi ulikuwa na soksi ya Krismasi bado inaning'inia.

Mtaa ulikuwa mwekundu kwa karatasi za fataki, umejaa chupa na vijiti vya roketi. Nikamweka chini. Akasimama hajui akanyage wapi. Tukatembea hivyo hivyo, mimi nasafisha njia kwa mguu kwa sababu ya vioo, mpaka kituo cha Leinestraße, nikamngojea mke wangu juu ya ngazi za treni ya chini ya ardhi. Alitokea na kundi la vijana waliolewa, koti lake juu ya sare. Hakunipa heri ya mwaka mpya.

"Amekojoa?"

"Bado."

Akachuchumaa, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamkagua macho, ufizi, masikio, kama mgonjwa aliyepokelewa sasa hivi. Sajenti akajitikisa mwili mzima. Kisha akatuvuta, sisi wote wawili, hadi kwenye boksi kubwa la fataki lililoachwa tupu kandokando ya njia, boksi lenye picha ya joka linalotema moto, akainua mguu. Alikojoa muda mrefu kiasi kwamba mlevi mmoja alisimama akampigia makofi.

Mwaka uliofuata tulichukua chumba hoteli iliyo karibu na uwanja wa ndege, ambako fataki haziruhusiwi. Ukumbi wa kifungua kinywa ulikuwa umejaa mbwa watupu na watu wenye usingizi. Mbwa anatozwa pesa yake kwa usiku, mbali na ya chumba. Mama mkwe tulimwambia sote tulikuwa kazini.